Usikabidhi Zamu Bila Mpango wa Uuguzi

Tahadhari hii ni kwa wauguzi, viongozi wa wodi na waganga wafawidhi wa Mbeya na Iringa.

Faili lisilo na mpango wa uuguzi ni hatari. Dawa za daktari zimo. Hakuna panaposema muuguzi ameona tatizo gani, atafanya nini, saa ngapi, na atajuaje kama mgonjwa anapata nafuu.

Zamu ikibadilika, hatari inaanza.

Mama mwenye kifafa cha mimba anapewa magnesiamu salfeti. Kabla ya kurudia dozi, muuguzi lazima ahakikishe anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaitika likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Dawa ikizidi mwilini, mgonjwa anaweza kuacha kupumua. Vipimo visipoandikwa, anayeingia usiku anakisia.

Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2. Isipoandikwa aligeuzwa lini na upande gani, kila zamu itadhani iliyotangulia ilimgeuza. Kidonda cha kulalia upande mmoja hakisubiri.

Wauguzi wanajua kuandika mpango. Walifundishwa chuoni: kupima, kubaini tatizo, kupanga, kutekeleza, kutathmini. Wanaacha kwa sababu zinazojulikana. Wagonjwa ni wengi, muuguzi mmoja. Fomu zimeisha. Kiongozi wa wodi haulizi. Daktari hasomi. Wengine hujaza zote mwisho wa zamu ili ukaguzi upite.

Mpango wa kupitisha ukaguzi haumlindi mgonjwa.

Haumlindi hata muuguzi. Lalamiko likifika Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kumbukumbu ya faili ndiyo itakayomsemea.

Uhaba wa watumishi ni kweli. Ndiyo sababu ya kuandika. Wodi yenye wauguzi wachache haina nafasi ya kubahatisha.

Fanyeni haya sasa.

Anzeni na mahututi, waliotoka upasuaji na akina mama wenye dalili za hatari.

Mpango uwe ukurasa mmoja. Fomu zikiisha, chukueni karatasi, pigeni mistari.

Kabidhianeni zamu kando ya kitanda, faili likiwa wazi.

Kiongozi wa wodi ausome mpango kila asubuhi. Daktari ausome kwenye raundi. Kisichosomwa na mtu hakitaandikwa kesho.

Ndugu wauguzi, andikeni kabla hamjavua sare. Anayekabidhi zamu bila mpango hajakabidhi mgonjwa. Amemtelekeza.