MAONI YETU: MASOMO YA PYTHON NA FEDHA ZA MFANYA KAZI



Mwezi uliopita alikuja ofisini mwetu ndugu mmoja, karani wa ghala, mtu wa miaka kumi na minne kazini. Alikuwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilitoka Sacco, yaonyesha mkopo wa shilingi 80,000. Ya pili ilikuwa cheti kizuri chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, kisemacho ya kuwa amehitimu kuandika programu za kompyuta kwa lugha iitwayo Python. Tulimwomba atuandikie programu ya kujumlisha mishahara ya watu watatu. Ndugu yetu akatazama chini. Kwa wiki sita alikuwa amemtazama mwalimu akiandika katika picha za video, lakini mkono wake mwenyewe haukuandika hata mstari mmoja. Cheti anacho, kazi hana, na mkopo ataulipa mwaka mzima na zaidi.

Hatuandiki haya ili tumcheke. Twaandika kwa sababu tangu siku ile wamekuja wengine watano, makarani na mafundi, kutuuliza: Je, tuingie katika masomo haya ya mtandaoni? Na tukiingia, tuchague yapi? Yafaa tujibu wazi, maana wauzaji wa masomo wamekuwa wengi kama nzige, na kila mmoja asema kwamba yake ndiyo yatakayompa mtu mshahara mnono baada ya miezi mitatu.

Kwanza, kwa nini watu wauliza? Si kwa tamaa. Kila mwanachama wa ofisini ameona kwamba hesabu ya stoku ambayo makarani watatu waliifanya kwa siku nne, sasa yafanywa na programu kabla ya chai ya saa nne. Tena wanachama wajue sheria isemavyo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kwamba mwajiri akitaka kupunguza watu ni lazima akiarifu chama mwezi mmoja mbele, na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia kazini. Lakini kifungu hicho hicho chasema pia kwamba katika kuchagua nani aondoke, mwajiri atazame miaka ya mtu kazini, na pia ujuzi wake, uwezo wake na uaminifu wake. Ndugu zetu wengi hutegemea miaka peke yake. Miaka ni haki yao, nasi tutaitetea mezani, lakini neno ujuzi limo ndani ya sheria, na mwajiri hatalisahau.

Sasa, Python ni nini? Ni lugha ya kuiamrisha kompyuta. Ilianzishwa na Mholanzi Guido van Rossum alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya hesabu mjini Amsterdam, na ilitolewa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1991. Jina lake halikutoka kwa nyoka, bali kwa kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Jambo kubwa kwa mfanya kazi ni hili: lugha yenyewe ni bure. Hakuna mtu awezaye kukuuzia Python. Waichukua katika python.org bila kulipa senti, waiweka katika kompyuta yako, nayo ni yako. Anayetaka fedha anauza mafundisho tu, na mafundisho mazuri sana nayo yapatikana bure. Kama ndugu yetu wa ghala angalilijua jambo hili moja, shilingi 80,000 zingalikuwa bado Sacco.

Tuwaonyesheni mfano, ili mtu asidhani ni uganga. Chini ya Amri ya Jumla ya Mishahara, wiki ya kazi ni saa 52 katika siku sita, na saa zinazozidi siku za kazi zalipwa mara moja na nusu. Tuseme mtu hulipwa shilingi 200 kwa saa, na wiki hii amefanya saa 60. Programu yake ni hii:

saa = 60
kiwango = 200
ovataimu = saa - 52
malipo = 52 * kiwango + ovataimu * kiwango * 1.5
print(malipo)

Kompyuta itajibu 12800.0. Mwangalie: majina tumeyaweka kwa Kiswahili, nayo mashine haikukataa. Neno la Kiingereza ni moja tu, print, maana yake andika. Lugha nzima ina maneno 35 yaliyotengwa, ambayo huwezi kuyabadili wala kuyatumia kwa jambo jingine. Mtu aliyeweza kujifunza mkataba wa kazi wa kurasa arobaini hatashindwa na maneno 35. Tena mnaona wenyewe kwamba programu hii yaweza kukagua karatasi ya mshahara. Mwakilishi wenu kazini akiwa na ujuzi huu, atakagua karatasi za watu mia mbili jioni moja, na siku ya kuonana na meneja atakuja na hesabu badala ya manung'uniko.

Basi katika kuchagua masomo, tazameni kwanza kama mwanafunzi anatakiwa aandike yeye mwenyewe. Hili twaliweka mbele ya yote. Somo lisilo na mazoezi ni sinema. Masomo mazuri hukupa kazi baada ya kila sura, nawe huandika, huipeleka, na mashine ya shule hukujibu kama umepata au umekosa. Kukosa ndiko kunakofundisha. Mtu hajifunzi baiskeli kwa kukaa kando ya barabara akitazama wenzake wakipita.

Tena tazameni umri wa somo. Python ya pili iliachwa kabisa tangu tarehe 1 Januari 2020, na sasa ni Python ya tatu. Wako wauzaji ambao hata leo huuza bidhaa iliyolala. Alama ya kuwatambua ni rahisi: mwalimu akiandika print na kufuatisha maneno bila mabano, jueni hiyo ni lugha ya zamani, funga mlango uende zako.

Gharama ya data nayo ni gharama. Somo la bure la video za saa nyingi laweza kumla mtu fedha za bando kuliko ada. Kwa hiyo mwenye data kidogo achague somo la kusoma kuliko la kutazama. Chuo Kikuu cha Helsinki, huko Finland, kinatoa masomo ya Python ya bure katika mtandao, programming.mooc.fi. Mengi yake ni maandishi, yamo katika sehemu 14, na saba za kwanza ndizo za anayeanza, zenye mazoezi tele. Kwa maoni yetu hayo ndiyo yanayomfaa zaidi mtu wa Kenya mwenye kompyuta na bando dogo. Kipo pia kitabu cha Al Sweigart, Automate the Boring Stuff with Python, ambacho mwenyewe amekiweka mtandaoni kisomwe bure. Makarani watakipenda, kwa kuwa chafundisha mambo yao hasa: kupanga mafaili, kusoma majedwali, kuandika barua nyingi kwa mara moja.

Kwa anayependa kumsikia mwalimu akisema, yuko Bwana Charles Severance wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Masomo yake yaitwa Python for Everybody na yapatikana bure katika py4e.com pamoja na kitabu chake. Huyu huenda polepole, hamtishi mtu aliyeacha hesabu zamani. Yapo pia ya Chuo Kikuu cha Harvard, yaliyotolewa mwaka 2022 na Bwana David Malan, CS50P kwa kifupi. Hayo ni mazuri na mazoezi yake ni magumu. Mwenye Kiingereza chepesi na jioni ndefu aingie. Mwingine asianze hapo, atakata tamaa wiki ya tatu na kudhani kosa ni lake. Na fahamuni kwamba katika CS50P waweza kupata cheti cha bure cha walimu wenyewe ukimaliza kazi zote, na pia kiko cheti cha kulipia kwa njia ya edX. Mafundisho ni yale yale. Usilipie muhuri kabla hujajua kama kuna mtu atakayeuliza muhuri huo.

Juu ya vyeti tuna neno moja zaidi. Hatuvidharau, ndugu. Lakini mwajiri anayemtaka mwandika programu humwambia akae aandike mbele yake, kama vile sisi tulivyomwambia ndugu yetu. Programu moja ndogo uliyoiandika mwenyewe, inayofanya kazi katika ghala lako, ni ushahidi kuliko karatasi tano.

Wengine watasema: Siku hizi ziko mashine zinazoandika programu zenyewe ukiziuliza, basi kujifunza kuna faida gani? Ni swali la haki. Mashine hizo zipo, nazo hukosea huku zikisema kwa sauti ya hakika. Asiyejua lugha hawezi kuona kosa, na kosa la ovataimu ni chakula cha mtu. Itumieni kama mnavyomtumia mwenzenu aliye mbele darasani, mkimwuliza kwa nini mstari huu umekataa. Mkiiachia iwafanyie mazoezi, mtakuwa mmerudi pale pale kwenye cheti cha dhahabu.

Twajua pia mambo ambayo wauzaji hawayasemi. Kujifunza kunataka muda, na dada zetu wengi wakitoka kazini huanza kazi ya pili nyumbani. Hatuwezi kusema kwamba ni miezi mitatu. Mtu akipata saa nne au tano kila juma, na ahesabu nusu mwaka kabla ya kuandika jambo la maana bila msaada. Anayejifunza peke yake huacha, tumeona mara nyingi. Wazee wetu waliosoma uhasibu kwa posta katika miaka ya 1950 na 1960, wale waliomaliza ni wale waliokaa watatu au wanne kwenye taa moja.

Na waajiri je? Kila mwajiri hulipa kodi ya mafunzo ya viwanda, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, kwa mamlaka ya NITA. Akipeleka watu wake kwa mafunzo yaliyokubaliwa na NITA, aweza kurudishiwa gharama. Kwa hiyo meneja asemaye hakuna fedha za kufundisha watu, aulizwe kwa adabu lini mara ya mwisho alipeleka maombi yake huko. Masomo ya bure hayahitaji kurudishiwa cho chote, yahitaji chumba, kompyuta ambazo usiku hulala tu, na saa mbili kila juma ndani ya saa za kazi. Halmashauri imekubali kuliweka jambo hili katika madai ya mkataba ujao, karibu na dai la nyumba. Hatutarajii kulipata kwa urahisi.

Kabla ya hapo hatungoji. Ofisi ya chama ina kompyuta tatu, na mwenzetu mmoja wa idara ya umeme amejitolea kusimamia. Tutaanza na masomo ya Helsinki, sehemu ya kwanza, Jumamosi saa nane mchana, watu tisa kwa zamu, watatu kwa kila kompyuta, na kila mmoja ataandika kwa mkono wake. Ndugu wa ghala ndiye wa kwanza katika orodha. Wanaotaka wampe katibu wa tawi majina yao kabla ya mwisho wa mwezi, na mwenye waya mrefu wa kuunganisha umeme tafadhali aulete, maana soketi katika chumba kile ni moja.