Acheni Kuniuliza Maji Yako Wapi

Tangu Juni, watoto wa ploti yetu hapa Nakuru wananiita Nuhu. Sikasiriki. Wanaonikasirisha ni watu wazima, wanaosimama mlangoni mikono mfukoni kwa sababu ya baridi, na kuuliza swali lile lile: "Na maji yako wapi?"

Ninaunda kayaki. Ni mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, wa mbao, futi 14 ndani ya chumba cha futi 16. Nilinunua plaiwudi, nikaikata kwa msumeno wa mkono, nikavishona vipande kwa waya wa shaba, kisha nikaziba viungo kwa gundi ya epoksi. Julai si mwezi wa gundi. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku gundi inagoma kukauka. Kwa hivyo blanketi langu linafunika mtumbwi, mimi nalala na koti.

Lawama ya kwanza: eti hiyo ni starehe ya wazungu. Kayaki si ya wazungu. Walioianzisha ni Wainuit wa nchi za barafu, waliotumia ngozi za sili ili wapate chakula. Halafu nenda Baringo, si mbali. Wavuvi wa Ilchamus hufunga pamoja vijiti vya mti mwepesi unaoota kandokando ya ziwa, mtu mmoja anakaa juu, kasia ndogo kila mkono, anaenda kuvua. Hiyo ni nini kama si binamu ya kayaki? Hakuna anayewaambia wanaiga mzungu. Sisi wa mjini ndio tumesahau, na bado tunajiona ndio wenye utamaduni.

Lawama ya pili ni hiyo ya maji. Wasee, kwani mnaishi wapi? Maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda kwa zaidi ya miaka 10. Ziwa Nakuru lilifunika lango kuu la zamani la mbuga. Baringo limemeza shule, zahanati na hoteli. Kule Kihoto, Naivasha, watu walihama 2020, wakahama tena 2025, wengine wakitolewa kwa mashua zinazobebaga watalii. Maji yanatufuata hadi mlangoni, na wengi wetu hata kuogelea hatujui.

Lawama ya tatu ndiyo inauma, maana inatoka kwa mama: "Tulichanga karo ndiyo uje kupiga randa?" Niliacha chuo mwaka wa tatu. Sitajitetea sana. Pesa za watu zilienda, na deni hilo nalijua. Siku hizi naandika makala za kulipwa kwa neno, ndiyo kodi ya nyumba inatoka. Lakini nani alituambia kazi ya mkono ni adhabu ya walioanguka? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, useremala ulikuwa darasani. Baadaye tukaona ni mzigo, tukapunguza, tukabaki na mitihani. Chuoni hakuna kosa langu lililowahi kunilowesha. Hapa, kiungo nikikiziba vibaya, maji yataingia, na hakuna mhadhiri wa kumbembeleza.

Hoja moja nakubali: kiboko. Naivasha viboko wameua wavuvi, na mtumbwi mwembamba hauwatishi. Ndiyo maana sitaingia peke yangu. Nitaanzia ufuo wa Kamere, na jaketi la kuokolea mwilini, pamoja na wavuvi wanaojua viboko wanalala wapi. Hatari ni sababu ya kujifunza. Haijawahi kuwa sababu ya kucheka anayejifunza.

Kwa hivyo sitaki pongezi. Nataka shule za Naivasha na Baringo zifundishe watoto kuogelea, na kuunda kitu kinachoelea, kabla ya mafuriko mengine. Mbao zipo, mafundi wa jua kali wapo. Kilichokosekana ni heshima.

Jumapili iliyopita mama alikuja. Akauzunguka mtumbwi bila neno, akaugonga kwa kidole kama anavyogonga tikiti sokoni.

"Unabeba watu wangapi?"

"Mmoja, mama."

"Basi wa pili uwe mkubwa."