Shukrani ya Mwalimu Anayewaandikia Watoto

Kila mwaka ifikapo tarehe 5 Oktoba, siku ambayo tangu 1994 huadhimishwa kuwa Siku ya Walimu Duniani, hutolewa hotuba nzuri za kuwashukuru walimu, na mimi, niliyetumia ujana wangu na sehemu kubwa ya utu uzima wangu katika kufundisha madarasa ya chini na kuwatungia watoto hadithi, huzisikiliza kwa furaha na kuzipokea kwa heshima. Walakini hunijia kila mara fikira kwamba hesabu ya shukrani ina pande mbili, na kwamba upande ambao mwalimu mwenyewe ni mdaiwa hausomwi katika hadhara hizo, ilhali ndio mrefu zaidi.

Maana mwalimu anayewaandikia watoto hupokea kabla hajatoa. Aghalabu watu hudhani kwamba mtungaji hukaa faraghani, akachota hadithi akilini mwake kama achotaye maji kisimani, kisha akawamiminia watoto walio na kiu. Hasha. Mimi huandika usiku, madaftari yakisha kusahihishwa, na asubuhi huipeleka hadithi ingali mbichi mbele ya wanafunzi wa darasa la pili, ambao hawajajifunza kumsifu mtu kwa kumwonea haya. Ikiwachosha, hupiga miayo, huchokozana, hutazama dirishani. Ikiwashika, darasa hutulia hata mwalimu wa chumba cha pili huja kuchungulia kuna nini. Nakumbuka mathalani hadithi ya mbuzi aliyepotea, niliyowasomea mpaka mbuzi akapatikana na kijiji kikashangilia, ndipo mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa msemaji, aliponyosha mkono akauliza, "Mwalimu, na yule mwanambuzi aliyebaki nyumbani alinyonya nini siku zote hizo?" Darasa zima liligeuka kunitazama. Swali lile lilinipa sura nzima ambayo nisingeipata kwa kukesha mwezi, sura ya bibi mjane anayebisha hodi nyumba kwa nyumba na kikombe cha bati akimwombea mwanambuzi maziwa, na mpaka leo wasomaji wangu wadogo huniambia kuwa ndiyo waipendayo kuliko zote. Jina la mtoto yule halimo katika jalada la kitabu, bali fadhila yake imo ndani.

Tena nisingeweza kushika kalamu lau si watu ambao taifa letu halijawashukuru kwa kadiri ya kazi yao. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Tanzania ilikusudia kwamba kufikia 1977 kila mtoto aliyetimiza umri awe shuleni, na kwa kuwa vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda mfupi namna ile, vijana waliomaliza darasa la saba waliitwa wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Waliitwa walimu wa UPE, kifupisho cha Kiingereza cha Elimu ya Msingi kwa Wote, na jina hilo likatamkwa mara nyingi kwa dharau, na wengine walitamka hivyo kwa ulimi uleule ambao mwalimu wa UPE aliufundisha irabu. Aliyenifunza mimi kusoma alikuwa mmoja wao. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto wengi, naye alikizungusha dawati kwa dawati, kila mtoto akipewa aya yake na kungojwa mpaka aimalize; na siku za masika, mvua ilipopiga bati hata sauti yake isisikike, aliandika hadithi ubaoni kwa chaki, tukaisoma kimya, akaifuta, akaandika kipande kilichofuata, nasi tukikaza macho kwenye mkono wake tukitamani uende upesi zaidi. Subira ya kijana yule, ambaye yeye mwenyewe alikuwa bado mwanafunzi, ndiyo elimu yangu ya kwanza ya utungaji.

Kwa vitabu vyenyewe, wapo wengine wa kukumbukwa kwa wema. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulinunua nakala za vitabu vya Kiswahili kutoka kwa wachapishaji na kuzigawa mashuleni, na kwa njia hiyo mtungaji akapata sababu ya kuandika na mchapishaji akapata ujasiri wa kuchapa.

Lakini nasema wazi kwamba shukrani ya mwalimu isifanywe hila ya kumnyima haki yake. Wapo wasemao kuwa ualimu ni wito na thawabu yake iko kwa Mwenyezi Mungu, kana kwamba dua hulipa kodi ya nyumba. Na wapo wanaodurufu kitabu cha mtungaji na kukiuza barazani bila kumpa mrabaha wake, kisha wakamwambia ashukuru kwa kuwa anasomwa. Kushukuru ni wajibu wangu mimi kwa walionitendea ihsani, wala si stakabadhi ya kumsamehe anayenidhulumu.

Na kama wapo wanaotaka kutushukuru sisi, nitawaambia ni shukrani gani inayotufikia moyoni. Katika shule nyingi nilizozuru vitabu vya hadithi hukaa kabatini chini ya kufuli, vingali vinanukia wino, kwa sababu mwalimu mkuu anahofu kuulizwa siku ya ukaguzi kitabu fulani kimekwenda wapi. Simlaumu, hofu hiyo amepandikizwa na waliomtaka atunze karatasi kuliko wasomaji. Walakini nimepata kuona pia, katika shule moja ya shamba, nakala ya kitabu changu ambayo pembe zake zimeviringika, jalada lake limeshonwa upya kwa uzi wa magunia, ukurasa wa bibi na kikombe una doa la mafuta ya maandazi, na pambizoni mtu ameandika kwa penseli, kwa herufi zinazopanda na kushuka, kwamba amekimaliza. Nilikishika kitabu kile kwa muda mrefu. Hapana tuzo wala hotuba iliyopata kunipa hadhi kama ile.

Basi nawaomba maofisa wa elimu wakubali kwamba kitabu cha mtoto huchakaa kwa kusomwa, na wasimhesabie mwalimu uchakavu huo kuwa hasara. Mwalimu mkuu, lifungue kabati. Nawe mzazi, mwanao akirudi na kitabu, mwache akusomee kurasa mbili kabla ya kulala, hata kama wewe mwenyewe hukubahatika kusoma, kwa kuwa anachohitaji kwako ni sikio. Na kitabu kikichanika, msikifiche kwa hofu. Kirudisheni shuleni, uzi na gundi tunavyo.