Magadi si chokaa: uyoga unapogoma kuota

Mama mmoja wa Sokon I alijaza majani makavu ya migomba kwenye mifuko 20, akatia mbegu za uyoga aina ya mamama na kuipanga katika chumba cha uani. Alitegemea kupata mboga ya watoto, na ikibaki auze apate nauli ya shule. Wiki ya tatu, mifuko 4 tu ndiyo ilikuwa na utando mweupe. Mingine ilinuka kama mkojo.

Alikuwa amefuata ushauri wa bibi wa jirani: “Mwanangu, chokaa ya nini? Weka magadi, kazi yake ni ileile.” Aliongeza na pumba nyingi, akiamini uyoga ukila vizuri utazaa vizuri.

Wengi hudhani uyoga unahitaji udongo, kwa sababu wameuona ukiibuka kwenye vichuguu wakati wa mvua. Ule wa vichuguu hutunzwa na mchwa wenyewe chini ya ardhi. Uyoga wa mamama kwa asili huishi kwenye miti iliyokufa, kwa hiyo majani, magunzi au mabua unayoyajaza kwenye mfuko ndiyo shamba lake lote. Hakuna mahali pengine pa kutafuta chakula, wala pa kukimbilia ukikosea vipimo.

Chokaa huwekwa kidogo tu ili kupunguza uchachu wa majani, maana ukungu wa kijani, adui mkubwa wa mifuko hii, hupenda penye uchachu. Kipimo cha kawaida ni gramu 100 hadi 200 kwa kilo 10 za majani makavu. Kwenye kipimo cha tindikali, ambapo 7 ni katikati, utando wa mamama huenda vizuri kati ya 6 na 8 hivi. Chokaa pia huleta kalsiamu.

Magadi nayo huondoa uchachu, hapo bibi hakukosea. Lakini ni chumvi ya sodiamu, na chumvi ikizidi huufanya utando ushindwe kunyonya maji. Kisha zikiwemo pumba nyingi, naitrojeni iliyomo hugeuka hewa ya amonia, ile harufu ya mkojo, nayo huua utando. Pumba zisizidi kilo 1 kwa kilo 10 za majani. Zikizidi, hata bila magadi, mfuko hupata joto na kuwakaribisha wadudu na ukungu.

Kwa familia za kuzunguka Mlima Meru magadi yana shida nyingine. Miamba ya volkano ya huku ina floraidi nyingi, ndiyo maana watoto wengi wana meno ya kahawia, na baadhi ya magadi yanayouzwa sokoni kwa kulainishia maharage yana floraidi nyingi pia. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuyachemsha hakuitoi; maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimefanyia kazi uchujaji wake kwa mkaa wa mifupa. Mzazi mwenye mtoto ambaye meno yake ya utu uzima bado yanajengeka hana sababu ya kuzidisha magadi, iwe bandani au jikoni.

Uyoga pia hunyonya madini mazito, kama risasi na kadimiamu, kutoka kwenye kile unachooteshewa. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa yasitumike kabisa, hata ukipewa bure. Majani yaliyookotwa kando ya barabara kuu nayo yaachwe huko.

Chokaa yenyewe ina adabu zake. Ile ya unga ya kujengea huunguza macho vibaya, basi vaa glavu na uifungie mbali na watoto. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali. Na mifuko isiwekwe chumba wanacholala watoto, kwa kuwa uyoga uliokomaa humwaga vumbi laini linaloweza kuleta kikohozi kisichoisha. Chuma kabla kingo hazijajikunjua na kunyooka.

Mama yule alianza upya na mifuko 5. Alichemsha majani kwenye pipa, akapima chokaa kwa mizani ya duka la jirani, akakamua konzi ya majani mpaka yakatoa matone machache tu, si mchirizi. Kilo 10 za majani makavu yaliyotunzwa hivyo zinaweza kutoa kilo 5 hadi 10 za uyoga mbichi kwa michumo yote. Ile mifuko iliyonuka hakuimwaga kwenye bustani ya mchicha, kwa sababu sodiamu ingekwenda kuharibu na udongo huo.