MZAZI AFUNDISHWE, LAKINI ASIACHWE PEKE YAKE

Katika vijiji vya Mbulu na Hanang wako watoto ambao majirani huwajua kwa sauti tu. Hawaitiki waitwapo kwa jina, hurudia tendo lile lile mchana kutwa, na siku ya ugeni hufungiwa chumbani. Baadhi yao wana usonji, au ulemavu mwingine wa makuzi unaofanana nao. Wako wasemao kuwa ni laana. Wengine husema ni damu ya upande wa mama. Maneno hayo ni dhuluma, nayo husemwa mbele ya viongozi wa jumuiya bila kukanushwa.

Mtoto wa namna hii hufundishika. Wajuzi wa tiba ya tabia wako, lakini wako mijini. Ni nani awezaye kusafiri kila wiki kutoka Basotu au Yaeda Chini hadi Arusha?

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wenye umri wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, vikiongozwa na mtu asiye bingwa bali aliyeandaliwa. Yamejaribiwa Ethiopia, na kwa jirani zetu Kenya huko Kilifi. Sisi wenye vigango tusishangae. Padre hufika mara moja moja, na katekista hubeba yaliyobaki.

Kinachofundishwa si elimu ya juu. Kikombe cha maziwa huwekwa mahali ambapo mtoto hukiona lakini hakifikii. Mama husubiri. Mtoto akinyoosha mkono, au akitoa sauti yoyote, hupewa papo hapo na kusifiwa. Baada ya siku kadhaa hungojwa sauti iliyo wazi zaidi. Kunawa mikono nako hugawanywa katika hatua ndogo, zikafundishwa moja baada ya nyingine. Mzazi hujifunza pia kujiuliza: ni nini kilitangulia kelele, na ni nini kilifuata? Mtoto apigaye kelele kanisani hutolewa nje upesi; kama alichotaka ni kutoka, Jumapili ijayo ataanza mapema zaidi. (Walio wepesi wa kugeuka na kumkazia macho mama yake wangefanya vema zaidi kumpisha karibu na mlango, maana wako watoto wanaoumizwa kweli na kishindo cha ngoma.) Kiboko hakimo katika mafunzo haya.

Hata hivyo nina hofu. Twasema "mzazi", kumbe twamaanisha mama. Yule yule achotaye maji, apaliliaye mahindi na akamuaye ng'ombe, sasa awe na mwalimu wa tiba pia! Mafunzo yakija hivyo, tutakuwa tumempa lawama mpya tu: mtoto hakuendelea kwa kuwa mama hakufanya zoezi. Baba naye aalikwe, akae kikaoni hadi mwisho. Siku hiyo jumuiya ipalilie shamba la familia ile. Vikao viendeshwe kwa lugha ya nyumbani, iwe Kiiraqw au Kidatoga, kwani mtoto anayetafuta neno lake la kwanza asilazimishwe kulitafuta katika Kiswahili cha ofisini.

Wala Serikali isijitoe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeagiza ziwepo kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji. Muulizeni mwenyekiti wa kijiji chenu: kamati iko wapi, na ilikutana lini? Nauli ya mwezeshaji ilipwe na halmashauri. Kabla ya yote mtoto apelekwe hospitali, Haydom au kwingineko, apimwe masikio na kifafa, kwa kuwa mafunzo hayafungui sikio lililoziba. Nayo kila jumuiya, kwa ridhaa ya wazazi, iwahesabu watoto hawa, na hesabu hiyo imfikie ofisa ustawi wa jamii wa wilaya kabla bajeti haijapangwa.