Mafuta ya mimea: Kutoka mbono wa Mpanda hadi magari ya mashindano

WAKATI magari yaendayo kasi duniani yakizidi kuachana na petroli na kugeukia mafuta ya mimea na umeme, magharibi mwa Tanzania ni eneo lililokwisha kuionja ahadi hiyo, na lina sababu ya kuipima upya kwa makini.

Katika miaka ya 2000, bei ya mafuta ilipopanda, mbono, mmea uliozoeleka vijijini kama ua na alama ya makaburi, uligeuka kuwa zao la biashara. Wilayani Mpanda, inakoishia reli ya tawi itokayo Kaliua mkoani Tabora, kampuni ya Kijerumani ya Prokon iliingia mikataba na wakulima wadogo ili wapande mibono. Kigoma, jirani na Ujiji ilikoishia njia ya kale ya misafara, kampuni ya FELISA ilitegemea michikichi.

Hata hivyo, matumaini yaligongana na hesabu. Mbono huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa vya kutosha. Huvumilia ukame, lakini katika ardhi kavu isiyo na rutuba hutoa mbegu chache. Mashudu yake yana sumu, hivyo hayafai kulishia mifugo. Mwaka 2009, kufuatia malalamiko kuhusu ardhi na chakula, serikali ilisitisha miradi mipya ya aina hiyo, na mwaka 2010 ikatoa mwongozo.

Michezo ya magari nayo imepita njia hiyo hiyo ya kujifunza. Mwaka 2007, mashindano ya IndyCar nchini Marekani yalianza kutumia ethanoli ya mahindi, yaani mafuta yatokanayo na chakula. Mwaka 2022, magari ya Le Mans nchini Ufaransa yaliendeshwa kwa mafuta yaliyotengenezwa kwa masalia ya zabibu baada ya kukamuliwa mvinyo. Mwaka huo huo, magari ya daraja la juu katika Safari Rally nchini Kenya yalitumia mafuta endelevu pamoja na betri. Kanuni za Formula 1 za mwaka 2026 nazo zinataka mafuta yasiyoshindana na chakula.

Funzo liko wazi: teknolojia imehama kutoka shambani kwenda kwenye masalia. Katika njia ya misafara, masalia hayo si haba. Dodoma ina zabibu; Igunga na Nzega zina pumba za mpunga. Tabora, kwa upande wake, tayari inachoma mimea kwa wingi, kwani miti ya miombo huishia katika mabani ya kukaushia tumbaku.

Aidha, kasi ya kesho huenda isitokane na mafuta kabisa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliitembea njia hiyo kwa miezi; mwaka 1912 reli ilifika Tabora. Tangu mwaka 2024, treni ya umeme yenye kasi ya kilomita 160 kwa saa inasafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na mkataba wa kuijenga reli hiyo kutoka Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021.

Hivyo basi, mwekezaji mwingine akija na mbegu mpya, mkulima wa Tabora anastahili kujibiwa mambo matatu kabla hajashika jembe: nani atanunua, kwa bei gani, na ardhi itabaki mikononi mwa nani iwapo mradi utakufa.