Shosho wa ploti yenu ana miaka 64, lakini ndoo ya maji imemshinda

Ukishuka Uthiru jioni, geuka utazame anayeshuka nyuma yako. Pengine ni shosho, ameng'ang'ania chuma cha mlango huku makanga akigonga bodi ya matatu: "Harakisha, tuende!" Wewe ushazama kwenye simu. Yeye bado ana Waiyaki Way ya kuvuka, kisha ngazi hadi orofa ya tatu.

Tunasema tu "amezeeka". Madaktari hawahesabu miaka peke yake. Mwaka 2001, Linda Fried na wenzake huko Marekani walitaja dalili tano: kukonda bila kukusudia, kuchoka ovyo, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa kujikokota na kupunguza shughuli. Mwenye tatu kati ya hizo huhesabiwa dhaifu, awe na miaka 85 au 64.

Na doo ina mkono wake hapo. Utafiti uliochapishwa 2020 kuhusu Uingereza na Marekani ulionyesha kuwa mwanamume tajiri akifika miaka 50 hutarajia miaka mingine 31 hivi bila ulemavu. Maskini, 22 au 23.

Sasa rudi mtaani. Mzee wa Loresho na mzee wa Uthiru wanaweza kuwa na goti bovu lile lile. Wa Loresho ana choo cha kukalia, dereva na msichana wa kazi. Wa Uthiru anachuchumaa kwenye choo cha ploti, anabeba mtungi wa lita 20, na mjukuu anayemtegemea hurudi saa tatu usiku. (Usimwonee wivu sana wa Loresho: anayefanyiwa kila kitu anaweza kudhoofika miaka mingi bila yeyote kugundua.)

Serikali nayo inaangalia kitambulisho. Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi, na mara nyingi huchelewa. Kuna mpango wa wenye ulemavu mkubwa pia. Lakini huyu wa miaka 64, anayetembea ila hawezi kuchota maji, yuko wapi hapo? Kwangu hilo ndilo pengo kubwa, na linazibwa na wewe bila mtu kukuuliza.

Anza na kiti. Shirika la Afya Duniani lina kipimo rahisi: akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano bila kushikilia kitu. Ikipita sekunde 14, apelekwe kliniki akachunguzwe zaidi. Simama karibu naye asianguke. Mazoezi ya miguu, pamoja na mayai, omena au maharagwe kwenye sahani badala ya chai na mkate kila siku, huweza kurudisha nguvu.

Halafu ongea na keateka, umwite fundi wa jua kali aweke chuma cha kushikilia pale chooni.